Jicho la Sebuleni

Karatu, Jumapili 9 Februari 2025

Mpendwa dada Selestina,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini baridi ya huko juu haijakumaliza, na lile koti nililokushonea vifungo bado lina vifungo. Sisi huku wazima. Sifa ameota jino la tatu, la nne linakuja, na amenichana titi, ila akishamaliza anacheka basi nasamehe. Baba katuma salamu kutoka Buger, anasema maharage yameliwa na funza na wala hakuna aliyeshangaa. Mguu wa mama uko vilevile.

Najua unajiuliza barua ya nini wakati simu zipo. Hata Piusi wa gari la mboga kaniuliza, "Mama Sifa, simu yako imekufa?" Nikamwambia haijafa, ila ina masikio. Akacheka. Wewe usicheke.

Unamjua shemeji Gideon, mdogo wake mume wangu Remigius, mwenye kibanda cha simu stendi. Krismasi alituletea boksi la waifai na kamera. Akasema ni zawadi ya kaka, kwa sababu ya wezi wa kuku. Nikashukuru mimi mjinga, nikampikia na chapati. Kamera akaifunga nje, inatazama geti. Januari akaja akasema vumbi linaiua, akaihamishia ndani, juu ya kabati la vyombo. Inatazama sebule nzima. Ina kitaa chekundu kama jicho la mtu aliyekosa usingizi.

Basi yakaanza. Siku moja nimekaa nanyonyesha, nikatafuta kwenye simu chuo cha ushonaji cha Mbulu, kutazama tu wanachukua watu wa darasa gani. Sikumwambia mtu. Kesho yake mama mkwe akaja na bakuli la mbaazi, hajaketi, akaniuliza, "Huyo anayenyonya utamwachia nani, cherehani?"

Nikajipa moyo kwamba labda nilisema nikasahau. Lakini wiki iliyopita kaniambia, "Usimnyonyeshe umelala chali, utamziba pua." Dada, mimi nilimnyonyesha nimelala siku moja tu, kwenye kochi, mlango umefungwa, pazia limeshushwa. Nilikuwa nimevaa kanga peke yake. Mimi na Sifa. Na wao.

Tangu siku hiyo nina hasira. Nanyonyesha jikoni, nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kama mwizi wa maziwa yangu mwenyewe. Nilimwambia Remigius kwenye simu, akasema, "Mpenzi, huo ni usalama tu," halafu akasema ana wageni, akakata.

Wewe uko mapokezi, kila siku unawapa Wazungu waifai. Niambie nifungeje hii nyumba. Niandikie kama unavyomwandikia mtu wa kidato cha pili aliyeishia njiani, maana ndiye mimi. Na Remigius anapita hapo lojini kwenu na gari lake la watalii. Anasemaje kuhusu nyumbani?

Ni mimi mdogo wako,
Lukresia


Ngorongoro, Jumapili 23 Februari 2025

Mdogo wangu Lukresia, mama Sifa,

Milele amina. Barua yako Piusi alikaa nayo siku sita ndani ya kreti la nyanya, imenifikia imeiva. Nimeisoma nimesimama, nikarudia nimekaa. Mwambie Sifa mama yake mkubwa anamsalimia, na titi la watu halichanwi. Huku ukungu haujaondoka siku tatu, wageni wanalalamika hawaoni kreta, wanatutazama kana kwamba tumeificha sisi.

Pole, mdogo wangu. Sasa nisikilize. Nimemuuliza Eliapenda, fundi wetu wa mitambo. Huyu mama haongei hata salamu, lakini ukimtajia waifai hanyamazi. Haya ni maneno yake, nimeyapunguza.

Kwanza, mwenye boksi haoni ulichoandika huko ulikokwenda, ila anaona majina ya milango uliyogonga, yaani tovuti ulizofungua. Ndiyo maana Gideon alijua chuo. Pili, pindua boksi. Chini kuna karatasi imebandikwa, ina jina la waifai, neno la siri, na namba za kuingilia ukurasa wa boksi lenyewe. Pembeni kuna tundu dogo. Chukua pini ya nepi, ingiza, bonyeza, usiachie mpaka uhesabu kumi na tano. Taa zitazimika halafu zitarudi. Hapo boksi limesahau kila kitu lilichoambiwa na Gideon.

Kisha badilisha maneno mawili ya siri. Narudia, mawili: la waifai na la boksi. La waifai ni ufunguo wa mlango. La boksi ni kama nyundo ya fundi, mwenye nayo anaweza kuvunja ukuta akaweka mlango mwingine. Ukibadilisha moja ukaacha la pili, hujafunga. Na usiweke jina la Sifa na mwaka wake. Kanisa zima lilikuwepo kwenye ubatizo.

Tatu, wasap yako. Gusa vidoti vitatu vya juu, tafuta palipoandikwa vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta usiyoijua, ing'oe. Gideon si ndiye aliyekuwekea?

Kamera yenyewe ikikosa waifai inakuwa kipande cha plastiki.

Umeuliza habari za Remigius. Madereva wanaopita hapa ni wengi, na mimi niko mapokezi, siingii kantini yao mara kwa mara. Yuko mzima. Kanenepa kidogo.

Kula vizuri, unanyonyesha.
Dada yako,
Selestina


Karatu, Jumapili 16 Machi 2025

Dada Selestina,

Salamu za Kwaresima. Tunafunga, yaani tunakula makande bila kusifia. Mama kapata dawa ya kuchua mguu kutoka kwa mtu wa Baray, inanuka kitunguu, anasema ndiyo inayomponya. Sifa anasimama akishika kochi, halafu anajishangaa mwenyewe.

Nilifanya. Nilifunga mlango, nikahesabu mpaka ishirini kwa uhakika. Taa zikazimika nikafikiri nimeua mtu. Zikarudi. Kwenye wasap nikakuta kompyuta, imeunganishwa tangu tarehe ishirini na sita Desemba! Jumbe zangu zote kwako, sauti nilizomtumia mama, ile picha ya kidonda cha titi niliyomtumia nesi. Nikaing'oa kama kupe. Neno la waifai nikaweka refu, ambalo hata mimi nilihitaji kuliandika mkononi. Kitaa chekundu kikaanza kupepesa, kikazimika. Dada, nilicheza. Nilimshika Sifa tukacheza sebuleni saa nne asubuhi bila redio.

Siku nne nilinyonyesha kwenye kochi langu.

Siku ya tano jumuiya ya kanisa ikasali kwangu, ilikuwa zamu yetu. Unajua mambo ya jumuiya, mtu akikanyaga kwako anapewa kiti na chai, na siku hizi anapewa waifai. Tumemaliza rozari, mama Laurencia akatoa simu, "Mama Sifa, tupe intaneti, bando langu limekufa na leo kuna picha za mazishi ya Mbulu." Watu kumi na moja wananitazama. Ningesemaje? Niwanyime, waseme mke wa Remigius ananyima hata hewa? Nikaandika neno la siri nyuma ya karatasi ya nyimbo, likazunguka mkono kwa mkono kama sadaka. Na Naomi, mke wa Gideon, alikuwepo. Wala sikufikiri. Nilikuwa nafikiria sukari haitoshi.

Kesho yake nimetoka kuteka maji narudi, namkuta Gideon kapanda stuli. Kitaa kinawaka.

"Shemeji, umeizima kamera ya watu," anasema, anatabasamu.

"Ya watu gani? Hii nyumba ya nani?"

"Na neno la boksi hukubadilisha. Ungejificha vizuri zaidi." Ananicheka, dada. Ananifundisha. Kweli nilibadilisha moja. La pili nilisema nitafanya mtoto akilala.

"Gideon, shuka. Hapo ninapokaa natoa titi. Wewe na mama yako mnatazama nini?"

Hapo tabasamu likamtoka. Akasema, "Mimi mama nilimwonyesha mara moja tu, alitaka kumwona mjukuu. Sitazami. Mimi nimetumwa."

"Na nani?"

Akashuka, akapangusa stuli kwa mkono, akasema, "Muulize mwenye nyumba," akaondoka. Chai aliyokuwa amejimiminia niliimwaga uani.

Nimeifunika kamera kwa sufuria. Sasa nakuuliza wewe, maana kila nikiuliza huko kwenye simu nasikia wageni wanamsubiri. Barua iliyopita nilikuuliza Remigius anasemaje kuhusu nyumbani, ukanijibu kanenepa. Mimi sijauliza uzito. Unajua nini?

Lukresia


Ngorongoro, Jumapili 30 Machi 2025

Mdogo wangu,

Mvua zimeanza, magari mawili yamekwama kwenye mteremko wa kwenda Olbalbal, ndiyo sababu nimechelewa. Mwambie mama apunguze kitunguu.

Eliapenda kasikitika kuhusu jumuiya. Anasema boksi lina sehemu ya wageni, unawapa waifai yao yenye neno lake, nao hawafiki kwenye ya kwako. Washa hiyo, jumuiya wanywe chai yao na picha zao za mazishi kwa amani. Rudia pini, rudia yote, na safari hii neno la boksi liwe la kwanza kubadilishwa kabla hujafanya lingine lolote, hata kama mtoto analia. Kamera ishushe, itoe kwenye umeme. Hakuna sheria ya Mungu inayokataza.

Kuhusu lile jingine, mambo mengine hayaandikiki, karatasi haitoshi. Tukionana tutaongea.

Selestina


Karatu, Ijumaa 4 Aprili 2025

Selestina,

Baba, mama, Sifa, wote wazima.

Umesema karatasi haitoshi. Nakutumia kumi, nimezichana kwenye daftari langu la mapishi. Zikiisha mwambie Piusi, nitakuletea nyingine.

Pini nimeshaitumia. Neno la boksi lilikuwa la kwanza. Kamera iko mezani, nimeifunga kwenye nepi chafu.

Andika.

Lukresia


Ngorongoro, Jumamosi 12 Aprili 2025

Lukresia mdogo wangu,

Zimenitosha mbili. Zilizobaki nakurudishia, daftari lako lisije likakosa pilau.

Ilikuwa katikati ya Januari. Nilipeleka orodha ya vyumba kantini ya madereva. Unajua wanavyofanya kazi. Kule chini kreta wanaulizana kwenye redio, "Faru kaonekana?" na mwingine anajibu, "Yuko Lerai, kalala," basi magari yote yanakimbilia huko ili wageni wapige picha. Ndiyo mkate wao, silaumu. Sasa siku hiyo nimeingia, mmoja anamwita mumeo kutoka meza ya mbali, "Remi! Faru wako kaonekana leo?" Nikafikiri ni habari za kazi. Remigius akatoa simu mfukoni, akatazama, akasema, "Yupo bomani, na ndama wake." Wakacheka. Mwingine akasogea akainama juu ya simu, akasema, "Ananyonyesha huyo, usimsogelee."

Nikasogea na mimi. Ulikuwa wewe. Kochi la kijani, na Sifa, na bega lako.

Haikuwa siku moja. Ikawa mchezo wao wa chakula cha mchana. Ukitoka wanasema faru kahama. Ukirudi wanasema karudi, kanywa maji. Gideon aliiweka kwa sababu kaka yake alimwagiza, na aliihamishia ndani kwa sababu kaka yake alisema getini haoni kitu. Kuna vipande alivyowatumia kwenye kundi lao. Sijui vingapi. Sikuona ulichovua, sikuona zaidi ya bega, naapa, lakini sikuangalia vyote.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Remigius ndiye aliyenipeleka kwa meneja nikapata hii kazi, unalijua hilo. Nilisema moyoni nikimgusa atanigusa. Nilisema tena ni mume wake, watayamaliza. Halafu barua yako ilipokuja na ile ndoo ya jikoni, nikakuandikia habari za pini na tundu, nikajiona nimekusaidia.

Na kuna jambo la mwisho, nalo liandikwe. Siku ile ya kwanza, waliposema na ndama wake, mimi nilicheka. Kabla sijaona ni wewe nilicheka, na nilipoona ni wewe sikuacha mara moja, kwa sababu wote walikuwa wananitazama.

Remigius anashuka Karatu Jumatatu ya Pasaka. Wiki hii yote anatembea na simu mkononi anasema picha haiji, anauliza kama mtandao wa hapa ni mbovu. Nimemwambia wa hapa ni mzima.

Dada yako,
Selestina


Karatu, Jumapili 27 Aprili 2025

Dada Selestina,

Kristo kafufuka. Baba na mama walikuja Pasaka na jogoo, mama anatembea bila fimbo na ananuka supu. Sifa amepiga hatua mbili, ya tatu akakaa.

Barua yako nilisoma mara moja nikaiweka kwenye unga. Sikulia. Nilifua. Nilifua nguo zote za nyumba hii, hata safi, mpaka mama mkwe akatokea kwenye uzio akaniuliza kuna msiba gani. Nikamwambia, "Mama, mwanao wa kwanza na wa pili wamenifanya mnyama wa hifadhi. Na wewe ulikata tiketi." Nikamweleza yote, kwa sauti, majirani wakiwepo. Alikaa chini palepale kwenye majani, akaanza kukamua nepi pamoja nami. Picha alionyeshwa kweli, ila habari ya kundi la madereva hakuijua. Akasema tu, "Hata mimi nimenyonyesha wanaume wale."

Remigius alifika saa tisa mchana na mchele, mafuta na viatu vya mtoto. Kamera ilikuwa mezani, nimeiondoa kwenye nepi, nimeipangusa. Akaiona akaanza mwenyewe kabla hajavua viatu.

"Mama Sifa, nilikuwa nawakumbuka tu. Kule mtu anakaa wiki tatu hajaona mwanawe."

"Wangapi mlikuwa mnatukumbuka?"

Dada, akainama kufungua kamba za viatu.

Halafu akauliza, "Nani kakwambia?" Nikamwambia, "Umeuliza aliyeniambia kabla hujaniuliza mimi ninaendeleaje." Jina lako sikulitoa. Siyo kwa ajili yako. Nilitaka tubaki kwenye alichofanya yeye, tusihamie kwa mtu mwingine.

Akasema ni utani wa kazini. Nikamwambia mimi siko kazini kwenu. Akasema wanaume wote wanaweka kamera siku hizi. Nikamwambia wanaweka getini. Akasema mimi ni mke wake. Nikamwambia, "Ndiyo maana ninaumia. Ungekuwa mwizi wa kuku ningepiga yowe tu." Sijui maneno yalitoka wapi, mimi shuleni nilikuwa wa kukaa nyuma.

Kisha nikamwambia ninachotaka. Apige simu kwa mmoja wa kundi lao la madereva, aweke sauti kubwa, mbele yangu na mama yake, aseme vifutwe vyote. Akakataa. Akatoka akaenda kukaa ndani ya gari, milango imefungwa, nikamwona kupitia kioo anashika usukani na gari limezimwa. Nikamvisha Sifa viatu vipya. Vikubwa. Nikapika mchele wake. Nusu saa nzima nilikuwa nasema moyoni, akiwasha gari, basi, naenda Buger na mtoto mgongoni, sirudi.

Hakuwasha. Akaingia, akaketi mbele yangu na mama yake, akapiga. Sauti kubwa. Yule bwana akapokea kwa kelele za baa, "Oya Remi! Vipi, faru kaonekana?"

Remigius akafumba macho. Akasema, "Sikiliza. Ni mke wangu. Anaitwa Lukresia. Futeni vyote, na mimi nimefuta, na nikirudi nitataka kuona simu ya kila mmoja." Yule akaanza kucheka, Remigius akamwambia tena, polepole, "Anaitwa Lukresia." Kicheko kikakatika.

Wamefuta kweli? Sijui. Picha ikishatoka haina mwenyewe, Eliapenda wako bila shaka atasema hivyo. Hilo litakaa na mimi. Kila nikiona gari la watalii mjini nitajiuliza dereva yule aliona nini.

Sijamsamehe. Nimempa chakula, nimemtandikia sebuleni, akalala kwenye lile kochi siku tatu. Gideon alikuja kuomba radhi na kilo ya sukari, mama yake akampokea sukari akamrudisha mlangoni.

Na wewe, dada. Kile kicheko umekiandika mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha, na mimi nisingekijua kamwe. Nina hasira na wewe. Lakini niandikie. Mwezi wa sita njoo ulale hapa, tulie vizuri, tugombane kwa mdomo.

Asubuhi ya kuondoka Remigius alisimama na begi lake. Simu yake haina waifai ya nyumba hii, ilimkataa siku zote tatu. Akambusu Sifa. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba maji kwenye nyumba ya watu, "Neno la siri utanipa?"

Nikamwambia, bado.

Akasema, sawa. Hakununa, hakuuliza lini. Akachukua begi akatoka. Hiyo sawa yake, dada, ndiyo kitu pekee alichoniachia ambacho nimekiweka.

Mdogo wako,
Lukresia